Betri Iliyopumzika

Watu wa Mapinga husema hakuna anayepima betri kama mimi. Mteja akileta betri dukani kwangu, hata iwe mpya bado ina karatasi yake, naifunga taa kubwa ya gari, naiacha iwake robo saa nzima, ndipo naweka mita. Wapo wanaokasirika. "Mama, mita imeshasoma kumi na mbili na nusu, unataka nini tena?" Nawaambia wakae kwenye benchi wangoje, na asiyetaka kungoja abebe betri yake aende kwingine. Wananiita mkorofi, na kweli ni mkorofi. Lakini ukorofi huu una asili yake, na asili hiyo sikuwahi kumwambia mtu yeyote mpaka wiki mbili zilizopita, Kaole, siku ya tatu ya msiba wa shemeji Hemedi.

Nasema shemeji, ingawa hatukuwa na udugu wa damu. Hemedi alikuwa mume wa Tatu, na Tatu alikuwa shoga yangu tangu tunavaa sare za shule. Siku ile ya tatu wanawake tulikaa chumba cha ndani, juu ya mikeka, khitma imekwisha kusomwa, tunakunywa chai ya mchaichai na maandazi. Joto lilikuwa la kukata pumzi. Umeme ukakatika, feni ikasimama, tukaanza kujipepea na ncha za khanga. Mwanamke mmoja, nadhani jirani mgeni, akauliza kwani nyumba hii haina hata sola ya kuzungusha feni siku hizi ambapo kila mtu anayo. Mwingine akamjibu kwa sauti ya chini, lakini chumba kilikuwa kidogo: "Marehemu alikuwa hataki betri ndani ya nyumba. Ati betri ndiyo iliyomuulia mkewe." Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka mkekani.

Mwaka ninaousema mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika vijijini, umeme haujafika. Mtu alikuwa na simu mfukoni siku tano haina chaji, anaishika tu ijulikane anayo. Hemedi alikuwa fundi wa redio pale Bagamoyo, na akili yake haikutulia. Kulikuwa na chombo kidogo cha tanga moja, chenye chumba chini, ambacho Mzungu mmoja alikiacha ufukweni aliporudi kwao. Hemedi akakitengeneza, akakigeuza karakana. Akawa anapanda nacho kaskazini, kijiji hadi kijiji, anatengeneza redio, anafunga taa za sola kwenye madrasa na zahanati, kisha anarudi. Tatu alifuatana naye, na mtoto wao Rukia, wa miaka mitatu, wakamwacha Kaole kwa bibi yake. Mimi nilikuwa nakaa tu nyumbani. Tatu akaniambia, "Shoga, njoo. Huko baharini nazungumza na mwanamume mmoja tu na yeye anazungumza na waya." Nikaenda kwa wiki mbili. Nikakaa mwaka.

Chumba kile nakiona mpaka leo. Huwezi kusimama wima. Mrefu kuliko wote, Hemedi, alikuwa na kovu kwenye paji la uso kwa kugonga boriti ileile kila siku. Vitanda viwili vya ubao, kimoja changu, kimoja chao, katikati pazia la khanga kuukuu. Chini ya kitanda changu ndipo ilipokaa betri, ndani ya sanduku la mbao lenye matundu, maana betri inataka kupumua. Ukutani kulikuwa na inveta, kisanduku chenye ukubwa wa mkate wa boflo, kinachochukua umeme wa betri na kuufanya uwe kama wa nyumbani. Kina taa ya kijani ikiwa mambo mazuri, nyekundu ikiwa betri inachoka, halafu kinalia. Juu ya paa paneli moja ya sola. Kwa vitu hivyo tulichomelea waya, tuliwasha taa, tulisikiliza taarifa ya habari. Na Tatu alivuta mvuke.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo lenyewe. Tatu alikuwa na pumu. Sista mmoja muuguzi, akistaafu, alimpa mashine ya kuvutia dawa, ile yenye barakoa ya plastiki. Unamimina dawa, unaiwasha, inanguruma, dawa inatoka kama mvuke. Inataka umeme wa ukutani. Watu walidhani Hemedi alinunua inveta kwa ajili ya kazi. Aliniambia mwenyewe, siku ya kwanza, ameinama anakaza nati: "Shemeji, kazi ningeweza kufanya na makaa na chuma cha moto kama baba yangu. Hii nimeifunga kwa ajili ya kifua cha mke wangu. Betri hii haitoki chomboni. Hata akija mfalme."

Betri yenyewe ilikuwa ya lori. Aliipata Chalinze kwa fundi wa pale kwenye kituo cha malori, imetumika kidogo. Alijua si ya kazi hii, betri ya lori imeumbwa kuwasha injini kisha ipumzike, si kunyonywa polepole kutwa kucha. Lakini ndiyo aliyoimudu, na aliilea. Aliiongezea maji, aliipangusa vichwa vyake kwa brashi ya meno. Na alinifundisha. Somo alilolirudia mpaka nikawa nalisema naye pamoja ni hili: betri iliyopumzika ni mwongo. Ikikaa bila kazi, hasa ikipigwa jua kidogo, mita itakusomea kumi na mbili na nusu, utadhani imeshiba. Ibebeshe mzigo, washa taa, washa mashine, ndipo utaona ukweli. "Hata mtu," Tatu aliongezea siku moja akitafuna muhogo, "ukimkuta amekaa barazani utasema mzima." Tukacheka.

Tulikula vizuri kwenye chombo kile, nacho kilikuwa kichekesho cha pwani nzima, kwa sababu mpishi alikuwa Hemedi. Moshi ulikuwa adui wa Tatu. Kwa hiyo jiko la mkaa lilikaa nyuma kabisa, kwenye sanduku la mchanga, na mwanamume alichutama hapo anakuna nazi huku Tatu amekaa mbele kwenye hewa safi, anasuka ukili. Tukitia nanga popote wanawake wa kijijini walikuja kutazama. "Haya, bibi harusi, umemfungia mumeo khanga lini?" Wengine walisema kwa utani, wengine hawakutania. Tatu alijibu kwa maneno makali na akawashinda, lakini nililala mita moja kutoka kwake na nilimjua. Usiku mmoja nilimsikia nyuma ya pazia: "Hemedi, wananiona mimi si mwanamke." Hemedi akamwambia wali wa jana uliungua kwa hiyo na yeye si mwanamke pia. Tatu akacheka, lakini lile neno lilibaki kifuani mwake, na kifua kile hakikuwa na nafasi ya kuweka kitu.

Sasa kijiji kile. Jina nitaliacha, watu wake hawana kosa. Tulifika wakati wanajiandaa kwa maulidi. Hemedi aliitwa bara kidogo, kwenye madrasa ambayo taa zake zilikuwa hazifanyi kazi, akasema atalala huko arudi asubuhi. Alipoondoka alinipiga kofi begani. "Chombo mikononi mwako, fundi." Hakuwahi kuniita fundi kabla ya siku hiyo, siku zote alisema mwanafunzi. Kichwa kikavimba.

Alasiri akaja mama mwenye maulidi, mtu mzima, amefuatana na wanaume wawili wenye mtumbwi. Nilikuwa peke yangu chomboni. Tatu alikuwa ameshuka mapema kusaidia jikoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, tukaulizana hali mpaka za kuku. Kisha akasema. Jenereta lao limekufa. Wageni wametoka vijiji vitatu. Watasoma maulidi ya Mtume bila kipaza sauti, kina mama walioko nyuma wasikie nini? "Tumeambiwa kuna fundi wa kike humu," akasema, "tukasema basi Mungu hamtupi mja wake."

Wewe ungesema hapana? Kwetu jirani akiomba chumvi humwambii imekwisha wakati kopo limekaa mbele yako, na hapa aliyeomba aliomba kwa ajili ya maulidi. Nilitaja agizo la Hemedi, nakumbuka nililitaja, lakini nililitaja kwa namna ya mtu anayetaka kubembelezwa. Mama yule akanibembeleza. Na ukweli wote nikiusema, kilichonifanya niifungue ile nati si maulidi. Ni lile neno fundi wa kike. Niliona watu watakavyonitazama nikiunganisha waya mbele yao. Nikaibeba betri na inveta nikisaidiana na wale wanaume, nikashuka.

Ilifanya kazi vizuri mno. Sauti ilifika hadi minazini. Kina mama walinipisha nikae mbele, walinipa sinia la peke yangu. Nilipokwenda nyuma kunawa nilimkuta Tatu jikoni, kwenye banda la makuti, mbele ya sufuria kubwa la pilau. Kuni mbichi, moshi mzito, yeye ameshika mwiko kwa mikono miwili, macho mekundu, anacheka na wanawake walewale waliomsema. Nikamwambia, "Shoga, toka humo." Akasema, "Niache leo nipike na mimi." Kisha akaangalia kule kwenye spika, akaiona betri chini ya meza. Akaacha kukoroga. "Hemedi anajua?" Nikamjibu, "Anajua." Neno moja, sikupepesa hata jicho. Akaniamini, kwa nini asiniamini?

Usiku huo alikohoa. Nikamwuliza kama avute mvuke, nikikumbuka palepale kwamba betri bado iko kijijini. Akasema, "Waache wamalize, nitavuta kesho. Si kikubwa." Ile dawa yake ya kupuliza mdomoni ilikuwa imekwisha tangu juma lililopita, tungenunua nyingine Bagamoyo. Alfajiri wakaileta betri pamoja na inveta. Nikaifunga mahali pake haraka haraka, nikapangusa mchanga, nikarudisha sanduku. Jua likatoka, sola ikaanza kuilisha. Hemedi akarudi saa mbili, ana furaha, ana hindi la kuchoma mkononi. Akiwa bado anavua viatu akauliza, "Betri umepima?"

"Nimepima. Kumi na mbili na nusu." Hiyo ilikuwa kweli. Mita ilisema hivyo.

"Ikiwa na mzigo?"

"Ndiyo, shemeji."

Mzigo sikuuweka. Niliogopa nitakachokiona. Kama ningewasha mashine dakika tano tu ningejua, na tungebaki pale siku moja, jua likajaza betri, mimi nikatukanwa, na Tatu leo angekuwa bibi wa wajukuu ananiomba nimtengenezee feni. Nimeyapiga mahesabu hayo miaka yote hii na kila mara yanatoka hivyohivyo. Tukang'oa nanga.

Saa tano tulikuwa katikati ya maji, pwani inaonekana kama mstari. Tatu alikuwa amekaa mbele na ukili wake. Nikaona ameuweka chini, ameshika magoti, mabega yanapanda. Kifua kilikuwa kinapiga mluzi, tuliusikia kutoka nyuma. Hemedi akanipa usukani, akamshusha chumbani, akamimina dawa, akamvisha barakoa, akawasha. Mashine ikanguruma. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Ilinguruma labda dakika mbili. Kisha inveta ikaanza kulia, ule mlio mrefu, taa nyekundu, na kila kitu kikazima. Hemedi akazima akawasha tena. Ikanguruma, ikalia, ikazima. Safari ya tatu haikunguruma kabisa. Akaweka mita, mashine ikiwa bado imefungwa. Niliisoma kutoka mlangoni. Tisa.

Alifanya kila kitu ambacho mtu angeweza kufanya. Alichomoa taa na redio, alijaribu kuchukua umeme wa sola moja kwa moja, alipanda paani na simu akitafuta mtandao, akaupata, akapiga Bagamoyo, wakasema boti ya mashine inakuja. Aliniambia nishuke nimshike Tatu yeye ashike usukani. Nikashuka. Alikuwa amekaa kwenye kitanda changu, juu ya betri ileile. Barakoa ilikuwa bado usoni. Ilikuwa haitoi kitu chochote, lakini aliishikilia kwa mikono miwili, anavuta, anavuta. Nilitaka kuivua apate hewa, akakataa kwa kichwa. Alikuwa bado anaiamini. Nikamwegemeza kifuani kwangu na nikamwambia, "Tatu, nisamehe, Hemedi alikuwa hajui." Sijui kama alisikia. Boti ya mashine ilipotufikia alikuwa ameshaacha kuvuta.

Kwenye msiba wa Tatu nilikaa chumba hichohicho cha Kaole. Ukuta wa udongo haufichi kitu, na wanaume walikuwa upande wa pili. Nikamsikia Hemedi anawaambia, sauti kavu haina machozi, "Nimemuua mimi. Nilimwekea mke wangu betri ya lori, nikijua haifai. Nilifanya ubahili." Wakamwambia asikufuru, ni ajali. Akasema, "Asubuhi ilipimwa. Ilikuwa nzima. Ikafa ndani ya saa tatu. Betri gani ile kama si takataka?" Mlango ulikuwa hatua nne kutoka nilipokaa. Nilizihesabu. Nikajiambia nitasema kesho, watu wakipungua. Kesho nikasema nitasema siku ya arobaini. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema wazee. Lakini mimi kifo kilikuwa kimeshapita na hakikuniumbua, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu.

Siku ya arobaini Hemedi aliniita uani. Alikuwa na sanduku lake la vifaa, inveta, mita, vyote. "Chukua wewe, shemeji. Mimi kazi hii nimeiacha. Betri sizijui, nilikuwa najidanganya." Akaniwekea mita mkononi, akanikunjia vidole juu yake. "Wewe angalau ulipima."

Kwa vifaa hivyo nilifungua duka. Kwa vifaa hivyo nimesomesha watoto wawili. Yeye akauza chumvi sokoni mpaka alipokufa. Mtu aliyejua betri kuliko yeyote niliyepata kukutana naye, alikaa gizani na koroboi. Miaka ya nyuma nilimpelekea sola nzuri kabisa, paneli na betri mpya, kwa bodaboda. Ikarudi siku ileile. Kijana wa bodaboda akasema, "Mzee anasema ahsante sana, ila yeye mambo ya betri hayajui." Nilifunga duka mapema siku hiyo.

Basi siku ile ya tatu, feni imesimama, nikainuka mkekani nikamfuata Rukia jikoni. Ni mwanamke mzima sasa, mwalimu, ana uso wa mama yake, hata ule upana wa baina ya meno. Ananiita mama mdogo. Alikuwa anaosha vikombe. Akaniona, akafuta mikono, akanivutia kigoda. "Mama mdogo, umechoka. Kaa. Baba alikuwa akikutaja kila mara, ujue. Akisema wewe ndiye mwanafunzi wake pekee aliyefuata maagizo yake."

Nikamwambia. Sikupamba wala sikujikosha. Nilianza na yule mama wa maulidi nikamaliza na mita mkononi mwangu siku ya arobaini. Nilimwambia betri ile ya lori haikuwa na kosa lolote, ilikuwa imepiga spika usiku mzima na bado ikajitahidi dakika mbili. Nilimwambia baba yake hakumuua mama yake, na kwamba alikufa akidhani amemuua, na mimi niliyajua yote mawili na nilikuwa naishi mwendo wa saa moja tu kutoka hapa.

Alinisikiliza amesimama, kikombe kimoja mkononi, kitambaa mkono wa pili. Hakulia. Aliuliza jambo moja. "Alipougua, ulikuja kumtazama mara mbili. Mlikaa peke yenu chumbani. Mlizungumza nini?"

"Mvua," nikasema. "Tulizungumza habari za mvua."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea hesabu ya mtoto iliyokosewa. Akakikausha kile kikombe, akakipanga na vingine. Kisha akasema, kwa adabu ileile aliyolelewa nayo, "Mama mdogo, chai yako imepoa kule ndani. Rudi ukakae, nitakuletea nyingine."

Nikarudi, nikakaa mahali pangu mkekani. Umeme ukawaka, feni ikaanza kuzunguka. Rukia aliingia na birika mara tatu, akawamiminia wanawake wote, wa kulia kwangu na wa kushoto, akiwakaribisha kwa majina. Nilikaa mpaka adhana ya alasiri. Chai yangu haikuja.